Barua kwa shemeji yangu: yule panya mweupe kwenye picha

Shemeji,

Picha uliyonitumia nimeifungua mara nyingi sana. Bundi amekunjua mbawa zote mbili, macho ya manjano yamekukazia, na mchanga wa jangwa la Sonora, hapa Arizona, nyuma yake umekuwa kama ukungu. Halafu nikaikuza. Chini pembeni, karibu na kucha, kuna mkia wa waridi na manyoya meupe. Panya wa jangwa hili ana rangi ya vumbi. Huyo ametoka dukani, na wewe ndiye uliyemweka awe chambo.

Sikuandikii kukuaibisha, wanaofanya hivyo ni wengi, ndiyo maana naandika hadharani. Mimi na wewe tumekulia kwenye nyumba ambazo bundi akilia juu ya paa, watu wananong'ona msiba. Leo unaamka alfajiri kwa ajili yake. Hilo linanifurahisha mno, na ndilo lililofanya la panya liniume.

Bundi huyu wa mashimoni ana gramu 150 hivi. Anaishi kwenye shimo lililochimbwa na kindi wa ardhini, mara nyingi ukingoni mwa mfereji wa mashamba, hatua chache kutoka barabarani, na huruka chini chini, kimo cha taa za gari. Ukimzoesha kwamba gari likisimama pana chakula, atayafuata magari, na magari yanawaua. Tena mlangoni kwake hutandaza vipande vya kinyesi cha ng'ombe. Mende wa mavi wakija, anawala. Ana chambo chake tayari.

Picha ile ile utaipata bila panya. Ndege huruka na kutua akiuelekea upepo. Ngoja asubuhi ambayo upepo unatoka upande wa jua, uvipe vyote viwili mgongo. Akirudi shimoni atakuja amekuelekea. Na atarudi, kwa sababu Aprili jike yuko ndani analalia mayai, na anayemletea panzi na mende ni dume. Mimi hubaki garini, injini nimezima, lenzi imelala dirishani juu ya mfuko nilioushona kwa kipande cha kanga na kuujaza maharage. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho, naiweka 1/2500 ya sekunde. Ikifika saa tatu nafungasha: mazigazi yanapanda kutoka ardhini, na hata lenzi ya bei mbaya haipenyi hewa inayochemka.

Mtazame miguu. Akianza kuchuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka, amekuona na ana wasiwasi. Rudisha gari nyuma. Dume aliyetishika haleti chakula, na mwenzake anangoja gizani huko chini.

Mwaka jana nilikaa asubuhi nne kwa dume mmoja karibu na mji wa Marana. Tatu niliondoka mikono mitupu. Ya nne alikuja na panzi mdomoni, miguu ile mirefu inaning'inia, nikapata picha tatu, na moja tu ndiyo iliyotulia. Ncha ya bawa moja imekatika pembeni. Ndiyo iliyoko sebuleni, ile ambayo dada yako huwaonyesha wageni kabla hata hawajakaa.

Njoo Ijumaa ya kwanza ya Aprili ulale kwetu, tuondoke saa kumi alfajiri. Maharage ya mfuko wako nimeshanunua.