Kemisti, muulizeni kwanza aliona damu ya mwezi lini mara ya mwisho

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo sisi wanawake tunanong'onezana tu tukiwa jikoni. Mdogo wangu alikuwa anafua hapa Kayole, akashikwa ghafla na uchungu chini ya kitovu upande wa kushoto, unachoma mpaka ukeni, hawezi kusimama wima. Kemisti wakamuuzia Panadol na antibayotiki wakamwambia ni period inakuja. Kesho yake akarudi, akadungwa sindano. Hakuna aliyemuuliza aliona damu lini mara ya mwisho, na hata yeye hakufikiria mimba kwa sababu ana koili, ile ya kupanga uzazi inayowekwa ndani ya kizazi.

Siku ya tatu kizunguzungu, jasho baridi, na bega linamuuma. Bega mimi nikadhani alilalia vibaya, kumbe damu ikimwagika tumboni inasumbua ule msuli ulio chini ya mapafu na uchungu unasikika begani. Mimba ilikuwa imeshika kwa mrija, ule wa kupitisha yai kwenda kwa kizazi, na mrija umepasuka! Alipasuliwa usiku huo huo akaongezwa damu, na ndiyo maana bado tuko naye.

Daktari alitueleza koili inazuia mimba vizuri sana, lakini ile moja moja inayoponyoka ni rahisi zaidi kushika nje ya kizazi. Mbona hili hatuambiwi siku ya kuwekewa?

Na si mimba peke yake. Ovari, kile kifuko cha mayai, ikiwa na uvimbe inaweza kujinyonga, damu isipite, mtu anatapika huku anajikunja, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali maana masaa yakipita ovari inakufa. Uvimbe wenyewe pia unaweza kupasuka, wakati mwingine ni baada tu ya kulala na bwana. Kuna apendeksi, kuna mawe ya figo. Kisonono na klamidia, magonjwa ya zinaa, zikipanda kwa kizazi unaweza kupata homa na uchafu unaonuka, na zikiachwa zinaweza kuharibu mirija, halafu mwaka mwingine mimba inakwama hapo hapo. Uchungu ukiwa mlangoni kabisa pa uke unaweza kuwa ni kijitezi kimeziba kikavimba kama jipu, na hapo ndio haya inatumaliza, mtu anakaa nacho mpaka kutembea kunamshinda ndio aseme.

Sasa mimi siwalaumu watu wa kemisti wote, wengi ndio daktari wa kwanza wa mtaa na usiku hakuna mwingine. Lakini kile kipimo cha mimba cha mkojo wanakiuza wao wenyewe, kiko hapo hapo kwa shelfu. Mwanamke akija ameshika tumbo hivyo, mpimeni kabla ya kumpa dawa, hata akisema ana koili, hata akisema amefunga kizazi. Na akiwa anaona kizunguzungu au bega linamuuma msimuuzie kitu, mtafutieni gari.

Mama wa wawili,
Kayole, Nairobi