Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanamemba wa chama cha wafugaji, Goma

Ndugu wanamemba,

Salongo, kazi ya pamoja, ilifanyika mara nne, miche ilipandwa, mbuzi walichanjwa. Hayo mnayajua.

Kotizasio, yaani mchango wa mwanamemba, ni dola 10 kwa mwaka. Tuko 64, waliolipa ni 23: dola 230. Tukaongeza 182 zilizobaki mwaka uliopita, jumla 412. Mazizi 7 ya kuzuia fisi na chui, ya wenzetu wa Rutshuru, yamekula 280, usafiri na karatasi 57. Kasha lina dola 75.

Sasa tuje kwenye mazizi, maana nasikia "mwenyekiti amekula makuta, pesa za chama, kwa kutetea fisi". Mkutano ulioamua tujenge mazizi badala ya kuua fisi ulikuwa na watu 20. Kura 12 zilikubali, 8 zilikataa. Wenye kelele kubwa hawakuja.

Wengine walitaka tupake mzoga dawa ya shamba ili fisi wafe. Sumu haichagui: atakufa fisi, atakufa mbwa wako, watakufa na tai wanaotua juu ya mzoga. Ng'ombe wako akifa kesho porini, ataozea pale pale, kwa kuwa wasafishaji umewamaliza wewe mwenyewe.

Na wanaolia kwamba nyani wanamaliza mahindi wajiulize ni nani aliyekuwa akiwatisha. Chui humfuata nyani usiku juu ya mti anapolala. Kule Ghana simba na chui walipungua, nyani wakazidi, na watoto wakabaki nyumbani kulinda mashamba badala ya kwenda shule. Katika hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, vita vilimaliza chui. Pongo, mnyama wa vichakani, akatoka kula mimea ya uwanda wazi bila woga. Watafiti walipomchezea sauti ya chui kwenye spika, alirudi vichakani. Hofu peke yake inatosha kuokoa majani. Mwaka 2018 wakaletwa huko mbwa mwitu 14, ili wanyama wawindaji warudi.

Zizi ni hivi: fisi huchimba na kusukuma, chui huruka. Kwa hiyo ukuta wa mawe ya volkano chini, miti iliyobanana juu, mlango unaogusa ardhi, paa la matawi ya miiba. Mazizi mawili yalivamiwa, nakubali. Moja mlango uliacha nafasi ya kiganja chini. La pili mwenyewe alitoa miiba akapikia. Hilo nalo ni kosa la komite?

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutaongeza mazizi, labda na taa. Hao 41 wanadaiwa dola 410. Mweka hazina atakuwa mlangoni na daftari.

Mwenyekiti