Kumbe na huku wanagombania ukoko

Santo Domingo, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu sana. Mimi mzima, ila nimenenepa, na sababu utaiona humu. Uliniuliza watu wa Jamhuri ya Dominika wanakula nini, nikakuahidi nitakuandikia nikishiba. Leo nimeshiba.

Nimefikia kwa mama wa yule mwenzangu wa kazini New York. Asubuhi ya kwanza akaniandalia mangú: ndizi mbichi zilizochemshwa, zikapondwa na siagi na maji yaleyale ya kuchemshia, juu yake vitunguu vyekundu vya siki. Pembeni huwekwa mayai, jibini ya kukaanga na salami; wenyewe huviita mapigo matatu. Salami ina nguruwe, nikaisogeza. Mama akacheka, akaniongeza yai.

Mchana ni wali, maharage mekundu na nyama, karibu kila siku. Wanakiita chakula hicho bendera. Lakini shoga, ngoja nikwambie habari ya sufuria! Wali wanaupika kwa mafuta kwenye sufuria nzito, makusudi ushike chini. Ule ukoko unaitwa concón, na watoto wa nyumba hii walitaka kupigana juu yake mpaka bibi yao akaja na mwiko kugawa. Nikatukumbuka sisi kwa bibi yako Tanga, tunakwangua sufuria huku tukitishwa kwamba siku ya harusi zetu itanyesha mvua. Yangu ilinyesha, unajua.

Juzi walipika wali kwa mbaazi na tui la nazi. Mbaazi huku ni guandules, neno lililotoka kwa Wakongo walioletwa utumwani, waliosema wandu. Hapo Villa Mella, kaskazini ya mji, kuna chama chao cha tangu enzi hizo, bado wanapiga ngoma za Congos kwenye sikukuu na mazishi. Mwaka 2001 UNESCO iliwatambua.

Na kwa kuwa ni Kwaresima, kila jiko linapika maharage matamu. Usikunje uso! Maharage yanasagwa, yanachujwa, yanapikwa na maziwa, tui, sukari, vipande vya viazi vitamu, zabibu kavu, mdalasini na karafuu. Jirani anamletea jirani bakuli, kama tunavyopelekeana futari. Kijiko cha kwanza nilimeza kwa adabu tu. Bakuli la tatu niliomba mwenyewe.

Kasoro yao moja: pilipili hawana habari nayo. Vitunguu saumu na oregano kwa wingi, lakini ulimi hauwashi hata kidogo.

Jioni watu wamejaa colmado, duka la mtaani. Unaweza kununua nyanya ya kuungia chakula cha leo tu, na ukipiga simu kijana anakuletea kwa pikipiki. Nje wazee wanabamiza domino mezani, spika zinapiga muziki wa bachata, inakuja merengue, ngoma ya tambora na kikwaruzo cha güira zinakimbizana. Nilivutwa kucheza nikamkanyaga mzee wa watu viatu vyake vyeupe.

Sasa shida yangu. Nimejitapa kwamba Jumapili ijayo nitawapikia mbaazi za nazi za kwetu, na mahamri. Hiliki maduka ya mtaa huu hayana, na vipimo vya mama yako nimevisahau. Niandikie haraka, unga kiasi gani na hamira kiasi gani, na kama yanakubali bila hiliki.

Wako,
Zuhura