Arudishwe pale alipoachwa

Doha, Jumamosi usiku

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Kaloleni. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na pesa za mwezi huu nilituma jana.

Tangu Jumapili namwaza mjukuu wako. Aliponisomea kile kitabu kwenye simu ulifurahi, nami nikamsifu. Lakini simu ilikuwa imeelekezwa kwenye ukurasa, Mama, na macho yangu yalikuwa yakifuata maneno. Palikuwa pameandikwa "Mama anachota maji." Yeye akasema, "Mama amebeba ndoo." Alikuwa anasoma picha. Ana miaka saba, yuko gredi ya pili, na bado hajajua kwamba herufi ndizo zinazosema. Simu ilipokatika nililia.

Simlaumu yeye, wala wewe. Mwaka jana darasa lao lilibadilishiwa mwalimu mara tatu, na watoto walijaa hadi wengine wakawa wanaandikia magotini. Wenzake wenye kaka na dada wakubwa walisaidiwa nyumbani. Yeye aliachwa nyuma kimyakimya, maana ni mtoto asiyesumbua.

Najua umeshauriwa umpeleke tuisheni. Naomba usimpeleke bado. Watampa vitabu vilevile vya gredi ya pili, na shida yake iko nyuma ya hapo. Arudishwe kwenye a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, kama ulivyonifundisha mimi kwa kipande cha makaa sakafuni. Irabu za Kiswahili ni tano tu, na kila moja hubaki na sauti yake popote utakapoikuta. Akishika ba na bu, basi baba, babu na bubu atazisoma mwenyewe. Kiingereza kitafuata, huko herufi moja ina sauti nyingi, na sasa hivi zitamchanganya.

Dakika kumi zinatosha, kabla ya chakula, kwa sababu akishiba tu anasinzia. Picha uzifunike kwa kiganja. Akikwama, usimtajie neno. Mrudishe kwenye silabi ya kwanza. Akichanganya b na d usimkaripie, watoto wengi wa rika lake huzichanganya.

Kuhusu kurudia gredi ya kwanza, mwambie mwalimu kwa upole kwamba sikubali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mwanafunzi kuzuiwa asipande darasa. Mtoto arudi kwenye silabi, lakini akae na wenzake.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Kila tukiongea ananigeuzia sikio la kulia. Nakumbuka lile la kushoto lilivyokuwa likitoa usaha. Tafadhali mpeleke kliniki wiki hii wamwangalie. Ikibidi, kule Kasarani kwenye Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, wanapima watoto kusikia, kuona na jinsi wanavyojifunza. Nauli nitatuma. Hata mwalimu mwema hawezi kumfundisha "pa" na "ba" mtoto asiyezisikia vizuri, kwa hiyo akalishwe dawati la mbele tangu Jumatatu.

Saa za huku na za Nairobi ni sawa, na hilo namshukuru Mungu. Kila jioni saa moja nitapiga. Mweke mezani na daftari na penseli, mimi na yeye tutaanza na "ma."

Binti yako akupendaye