Jumamosi: jelato ya iliki na chungwa

Asalaam aleikum wapenzi. Jumamosi saa kumi jioni tunakutana Chumbageni, Tanga, palepale. Safari hii tunatengeneza jelato, aiskrimu ya Kiitaliano: maziwa mengi, krimu kidogo, wala haitiwi hewa nyingi, ndiyo maana ni nzito mdomoni kuliko aiskrimu ya kawaida. Maziwa nitayachemsha na iliki Ijumaa yalale kwenye friji; yakigandishwa yangali vuguvugu hutoka chenga za barafu. Na sukari msinipunguzie! Ndiyo inayozuia isigande kama jiwe, tena baridi hufifisha utamu. Hatuna mashine, kwa hiyo kila mtu aje na barafu na chumvi ya mawe: barafu ikitiwa chumvi hupoa chini ya nyuzi 0. Machungwa ya Muheza ninayo, tutaparuza ganda la juu tu, ule weupe ni mchungu. Vanila ya chupa, jamani, ibaki nyumbani. Nani ana sufuria mbili zinazoingiana, ndogo ya jelato na kubwa ya barafu?