Kwa Bakari, kuhusu malori ya mlolongo

Changamwe, Mombasa

Ndugu yangu Bakari,

Assalamu aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Kusi limeanza, kanga hazianikwi kambani bila vibanio. Mama watoto anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusikiliza nikiwa foleni ya bandarini. Umeniuliza juu ya malori ya Ulaya yanayokwenda yameungana, na kama kijana Hamisi asijisumbue tena na leseni ya lori. Nakujibu kwa kuandika, maana jambo hili limenikaa rohoni.

Kwanza, hakuna mnyororo wala kamba. Lori la mbele lina dereva, na la nyuma linapokea habari zake kwa redio. Wa mbele akikanyaga breki, la nyuma nalo linafunga karibu papo hapo, bila kungoja mtu aone taa nyekundu. Mwaka 2012, karibu na Barcelona kule Uhispania, Volvo na wenzao waliyajaribu kwenye barabara kuu ya watu wote: lori likiongoza, nyuma yake lori jingine na magari madogo matatu, kilomita 85 kwa saa, na kati ya gari na gari mita 6. Mita 6, Bakari! Likate kontena la futi 40 katikati, nusu yake ndiyo nafasi yenyewe.

Wanachotafuta ni dizeli. Anayefuata anafichwa upepo, kama tulivyokuwa tukijificha nyuma ya watu wazima pale Mama Ngina kusi likivuma. Mwaka 2018 MAN wanaotengeneza malori na DB Schenker wanaosafirisha mizigo waliyapeleka mawili na mizigo kati ya Munich na Nuremberg kule Ujerumani, yakiachana mita 12 hadi 15, wakaokoa asilimia 3 hadi 4. Daimler, nao watengenezaji wa malori, mwaka 2019 waliacha. Waliona kuwa kila malori yakitenganishwa, la nyuma hulazimika kukimbia ili kulifikia la mbele, na dizeli iliyookolewa inaishia hapo.

Sasa ifikirie njia yetu ya Nairobi. Ukishaipita Mazeras utatenganishwa mara ngapi kabla ya Voi? Basi linaovateki, linakutana na trela uso kwa uso, linajichomeka kati yetu. Nafasi ile kati ya lori na lori ndiyo watu wanamoponea. Ukiiziba, basi lile na abiria wake litaingia wapi? Mtu yeyote akitaka kuyaleta malori hayo kwenye barabara ya njia moja kwenda na moja kurudi, nitasimama nimwambie hapana.

Lakini ile breki naitamani, wallahi.

Wewe ulikuwepo Maungu. Ulipiga kelele kabla mimi sijaona kitu, kwa sababu taa za nyuma za lori la mbele zilikuwa zimefunikwa na tope. Tangu siku ile nimekuwa nikipiga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori linameza mita 22 kila sekunde, na mguu bado hujaufikisha kwenye breki. Tuliposimama, nilikuwa naisoma namba ya sili kwenye mlango wa kontena lake. Kisha tukasikia honi ya mwenzetu wa nyuma. Hakutugonga. Alikata kushoto akaingia kichakani, na wewe ndiye uliyefika kwake kwanza. Mungu amrehemu.

Kuna kanuni moja ya malori hayo ambayo nikiikumbuka nanyamaza kimya. Mwenye breki dhaifu ndiye anayetangulizwa, na mwenye breki kali anafuata, ili wa nyuma awahi kusimama kabla ya wa mbele. Sisi tulifanya kinyume. Yeye alibeba chuma, mzigo mzito kuliko yetu sote, na breki zake alikuwa amezilalamikia kule yadini asubuhi ile. Tukamweka mwisho kwa sababu alikuwa anatuchelewesha kwenye vilima. Bakari, tungemtanguliza. Hilo halikuhitaji redio.

Kuhusu Hamisi sitakudanganya. Japani mwaka 2021, kwenye barabara ya Shin-Tomei, walipeleka malori matatu, na mawili ya nyuma hayakuwa na mtu kwenye usukani. Lakini ile ni barabara ya magari peke yake, haina mbuzi, haina mama aliyebeba kuni, haina ndovu wa Tsavo anayevuka alfajiri. Kontena zikitoka Kilindini kwa barabara zitahitaji mtu anayejua kuwa basi lililowasha indiketa huenda lisisimame. Kijana asome, leseni achukue, na akipata nafasi ajifunze na umeme wa magari pia.

Mlete Jumatatu. Aje na ovaroli na viatu vya kufunga. Siku hiyo hatashika usukani. Ataingia nami chini ya trela anishikie tochi, tukaze breki gurudumu moja moja, kisha apanguse taa za nyuma kwa mkono wake.

Nduguyo,
Mbwana