Rezini isiuzwe kwenye chupa zisizo na maelezo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauzaji wa rezini, kile kimiminika kinachoganda kuwa kigumu kama plastiki, na pia na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Mimi ni mkereza kalamu hapa Tanga. Wateja wangu wengi ni shule na familia zinazomuaga mwalimu anayestaafu. Wanataka kalamu yenye jina lake, mwaka alioanza kazi, pengine na nembo ya shule, na maandishi hayo yakae ndani kabisa ya mwili wa kalamu, chini ya rezini angavu, mahali ambapo kidole na jasho havifiki.

Kabla rezini haijamiminwa kuna kazi ndefu. Kijibomba cha shaba ninachotumia ndani ya mwili wa kalamu kina kipenyo cha milimita 10.5, kwa hiyo karatasi ya jina inayokizunguka naikata milimita 33 na ziada kidogo ya kupishana. Kijibomba nakipaka rangi nyeupe kwanza, maana karatasi ikinywa rezini inakuwa kama ile iliyofungiwa mandazi ya moto: cha nyuma yake chote kinaonekana. Jina nalichapa kwa printa ya leza, kwa kuwa wino wa printa ya kawaida huchuruzika. Karatasi naipaka vanishi mara kadhaa, hasa kwenye kingo, naiacha ikauke hasa (kwa unyevu wa pwani hii, hilo halitaki haraka), naziba ncha za kijibomba, ndipo nakilaza kwenye kalibu ya silikoni. Nikishamimina, kalibu inaingia kwenye mtungi wa shinikizo, paundi 40 hadi 60 kwa inchi ya mraba, ili mapovu yasinyae hadi yasionekane. Vijana huniuliza kama sufuria ya presha ya jikoni inafaa. Haifai, haikuundwa kuhimili nguvu hiyo. Msijaribu.

Sasa kazi yote hiyo inaharibiwa na kipimo. Rezini inafika dukani kwa madumu, muuzaji anaigawa kwenye chupa za maji ya kunywa, moja ya rezini, moja ya hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Hazina neno hata moja. Ukiuliza unachanganyaje, unajibiwa "mbili kwa moja". Kwa ujazo au kwa mizani? Ipo epoksi, aina moja ya rezini, ambayo kwa ujazo ni 2 kwa 1, lakini kwa mizani ni gramu 100 kwa 45, kwa sababu hadina yake ni nyepesi. Na kama kilichomo ni poliesta, aina nyingine ya rezini, dawa yake ya kugandisha huwa asilimia 1 au 2 tu! Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Mwaka huu niliuziwa chupa za namna hiyo nikafuata nilivyoelekezwa. Kalamu ya mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza miaka yake yote ya kazi ilibaki inanata. Patasi ilipoigusa, rezini ilimenyuka pamoja na jina lake, na sherehe ilikuwa kesho yake.

Afya ndiyo inayoniumiza zaidi. Hadina ya epoksi inaweza kuleta mzio wa ngozi, na ukishakupata huenda ukabaki nao maisha yote. Dawa ya poliesta ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Hata hivyo nawaona vijana wanamimina katika chumba wanacholala, madirisha yamefungwa, mikono mitupu. Hawajakaidi, hakuna aliyewaambia. Maonyo yote yameandikwa kwenye dumu, kwa lugha ya kigeni, na dumu linabaki dukani.

Ninachoomba ni nusu karatasi ya Kiswahili kwa kila chupa: aina ya rezini, kipimo kwa ujazo na kwa uzito, muda wa kuganda, glovu, hewa ya kutosha, na la kufanya ikiingia jichoni, yaani kusuuza kwa maji mengi angalau dakika 15 na kuwahi hospitali. TBS ilisimamie hilo dukani, si bandarini peke yake.

Na chupa za maji ya kunywa ziachwe kabisa. Rezini hii ni angavu, na nyumbani kuna watoto. Tumieni makopo yenye vifuniko vya kukaza, gharama yake mtuongezee kwenye bei. Tutalipa.

Mkereza kalamu,
Ngamiani, Tanga